Stolen au Killing Mr. Griffin, kipi nimnunulie mdogo wangu?

Msomaji wa Usiku
Wakuu habari zenu, nataka kumnunulia mdogo wangu kitabu cha utekaji na kisasi. Nimebaki na viwili, Stolen cha Lucy Christopher na Killing Mr. Griffin cha Lois Duncan. Hela inatosha kimoja tu na kesho naagiza. Kipi?

kasiba
Ana miaka mingapi? Umri ndo kila kitu hapo.

Mama Wawili
Stolen, sina hata haja ya kuwaza. Binti wa miaka 16 yuko airport Bangkok, jamaa anamwekea dawa kwenye kahawa, anakuja kuzinduka yuko jangwani Australia. Hakuna mlinzi lakini atakimbilia wapi, pande zote mchanga. Na kitabu chote ni barua anamwandikia huyohuyo aliyemteka, ile "wewe wewe" inakuganda kichwani siku kadhaa.

kasiba
Sasa kisasi kiko wapi hapo dada? Griffin ndo chenyewe. Wanafunzi wana hasira na mwalimu mkali, wanamteka wamtishe tu, wanamfunga wanamwacha, kumbe ana ugonjwa wa moyo na dawa hana. Cha 1978 lakini ukianza hulali.

Bi Shani
Kutolala ndo kulikonikuta mimi. Nilimpa mwanangu hicho cha Griffin akiwa na miaka 11, sikukisoma kwanza, niliona tu ni cha vijana nikajua salama. Siku ya tatu nikakuta kakunja kona ya ukurasa ule wanaorudi kumwangalia mwalimu, hakuendelea tena, na usiku akaja kitandani kwangu akaniuliza mama, mwalimu asipokuja shule anakuwa wapi? Nilijisikia vibaya sana. Tulikimalizia pamoja kwa sauti wiki mbili baadaye ndo akatulia. Kwa hiyo mtoa mada, UMRI.

Msomaji wa Usiku
Samahanini nilisahau, ana 14. Na anasomea kwenye simu.

Mzee wa Riwaya
Mpe Kidnapped cha Stevenson, 1886. Baba mdogo wa kijana anamlipa nahodha wa meli amteke akamuuze ng'ambo kisa urithi, halafu kisasi chake hakina damu, mzee anachokozwa mlangoni kwake usiku mpaka anakiri mwenyewe huku wakili kajificha anasikia kila neno. Kisasi kitamu kuliko hicho sijakisoma.

kasiba
Mzee Kiingereza kile na maneno ya Kiskoti, mtoto wa miaka 14 kwenye simu? Atakifunga ukurasa wa kumi.

Mzee wa Riwaya
Mimi nilikisoma na 13, kamusi pembeni.

Mama Wawili
Turudi kwa Stolen jamani. Mnaona yule binti mwishoni anamhurumia kweli yule jamaa au ni woga tu umemkaa? Mimi nimekisoma mara mbili na bado nahisi ni vyote viwili.

Bi Shani
Huruma. Ila ya mtu aliyeumizwa.

kasiba
Hapana, hapo tutabishana mpaka asubuhi, woga ule.