Tupeane uzoefu: zile wiki za kwanza za korona, nyumbani kwenu mliishije?

Mwanzisha mada, Dar
Wakuu, jana nasafisha stoo nikakutana na ile ndoo ya koki tuliyonunua Machi 2020. Koki imeshakufa, ndani imejaa misumari. Nikaona nifungue uzi. Sitaki takwimu wala ubishi wa chanjo, leteni ya ndani ya nyumba tu.

Naanza. Nilikuwa nimepanga Tandale, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, bomba moja uani. Mgonjwa wa kwanza nchini katangazwa Machi 16, kesho yake shule zikafungwa. Ghafla uani pana watoto kumi na moja kuanzia asubuhi. Redioni wanasema tukae mbalimbali, na korido yetu ukipishana na mtu lazima mmoja wenu aegemee ukuta!

Mama mwenye nyumba akatuchangisha, ndoo ikawekwa mlangoni. Wiki ya kwanza tulinawa mpaka vidole vikakunjamana. Wiki ya pili watoto wakagundua kwamba sabuni ya maji ukiipuliza kwa bua la mpapai inatoa mapovu makubwa. Chupa ikawa haimalizi siku mbili, na hakuna mtoto aliyewahi kukiri.

Ila kilichotugombanisha kweli ni LUKU. Mita moja, vyumba sita. Zamani tukichanga elfu tano tano tunavuka nusu mwezi. Sasa watoto wanashinda na katuni, mwenye friji kaanzisha biashara ya barafu za ubuyu, jamaa wa chumba cha nne hoteli imemsimamisha kazi, yumo ndani na feni kutwa. Umeme ukawa haumalizi wiki. Ikabidi tuitane kikao, na kikao chenyewe tumebanana kwenye mkeka mmoja, barakoa ziko kidevuni.

Kisauni, Mombasa
Nyinyi wenzetu mlikuwa huru. Sisi kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mamangu alikuwa akiuza viazi karai na bajia, na meza yake huchangamka magharibi, watu wakitoka kazini. Siku ile ya kwanza alirudi na beseni zima. Tukala viazi usiku, tukaamka tukala viazi. Baada ya siku chache akasema basi, akageukia mahamri na mbaazi za asubuhi. Akikanda unga usiku sote tumelala, na ikigonga saa kumi na moja ashafungua mlango.

Ramadhani ikatukuta humo humo. Misikiti imefungwa, kwa hivyo babangu akatusalisha tarawehe sebuleni, makochi tumeyatoa barazani. Babangu ni mtu wa maneno machache mno. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akisoma Qur'ani kwa sauti. Akikwama, mdogo wangu wa madrasa humsomea aya kwa nyuma, naye huendelea kana kwamba hakukwama. Hadi leo nikisikia sura zile naiona ile sebule.

Tabata
Level siti! Hakuna abiria kusimama, kila mtu na kiti chake. Daladala zinapita zimeshatimia abiria, nafika nyumbani saa nne usiku kila siku. Mke wangu hakuamini hata siku moja kwamba ni usafiri.

Tanga
Kwetu bibi alisimamia nyungu. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimau, blanketi moja watu watatu, hutoki mpaka aseme. Kaka alishindwa kuvumilia, akachomoka, sufuria likamwagika mguuni kwake. Korona hatukuugua, ila kidonda kile tulikiuguza mwezi mzima. Bibi akasema angetulia dawa ingemwingia.

Leicester, Uingereza
Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, kwa hiyo Machi 23 watu walipoambiwa wabaki ndani, sisi tuliendelea kutoka. Nikirudi navua nguo mlangoni, naziweka kwenye mfuko mweusi, naenda moja kwa moja bafuni. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Anakaa kwenye ngazi ananisubiri, ananiuliza, "Mama, umeoga mikono au umeoga yote?" Nikisema yote ndipo anashuka.

Alhamisi saa mbili usiku majirani wakawa wanatoka milangoni kutupigia makofi na masufuria. Asanteni, lakini mimi saa hizo nilikuwa nataka kulala. Madukani unga wa ngano na karatasi za chooni vilikwisha. Unga wa ugali ulikuwepo umejaa rafu, hakuna aliyeugusa. Tukala ugali kila siku bila wasiwasi.

Mwanzisha mada, Dar
Hahaha, "umeoga yote"! Wa Kisauni, mama bado yuko na mahamri, au karudia viazi?

Kisauni, Mombasa
Viazi hakurudia. Asema wateja wa asubuhi hawakopi.