Florida State imeshinda 13 kati ya 13, ikatolewa mezani. Halafu shabiki wa Auburn anaishangilia Alabama!

Wakuu, hili lina miaka sasa, lakini leo limenitibuka upya. Kazini nina jamaa, Auburn damu damu, na Auburn na Alabama ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Mchana kanikumbusha tena ile 63-3 waliyopigwa Florida State, anacheka mpaka anapaliwa na wali.

Kwa mlioko Bongo ambao hamfuatilii futiboli ya vyuo ya huku Marekani (ile ya kubeba mpira mkononi): msimu wa 2023 Florida State (FSU) walicheza mechi 13 wakashinda zote, wakabeba ubingwa wa konferensi yao, yaani ligi yao ya vyuo, ACC. Njiani waliwapiga LSU 45-24 na Florida 24-15, wote wa SEC, ile konferensi inayojiona imeshushwa na Mungu, ndiyo ya Alabama na Auburn pia. Novemba kwotabeki wao (mrusha pasi mkuu), Jordan Travis, akavunjika mguu. Wakaendelea kushinda na akiba. Fainali ya ACC akacheza akiba wa akiba, dogo wa mwaka wa kwanza, na bado Louisville wakalala 16-6.

Desemba 3 wakakaa watu 13 chumbani kuchagua timu nne za mtoano wa ubingwa wa taifa. Michigan na Washington, sawa, nao hawakuwa wamepoteza. Halafu Texas na Alabama, kila mmoja na kipigo chake. FSU nje! Eti bila Travis si timu ileile. Yaani unahukumiwa kwa mechi ambayo hujacheza, na zile 13 ulizocheza zinatupwa jalalani. Tangu mtoano uanze 2014, hakuna bingwa wa konferensi kubwa aliyekuwa ameachwa bila kupoteza hata moja.

Na hao Alabama? Texas waliwapiga nyumbani kwao 34-24. Auburn nao walikuwa wameshawamaliza: Alabama wako jaribio la nne, la mwisho, yadi 31 kufika mstari wa goli, dakika ya mwisho kabisa. Alabama wakapata tachidauni (bao), wakashinda 27-24. Jamaa yangu siku hiyo nusura alie.

Siku nane baadaye jina la Alabama linasomwa, huyohuyo anapiga meza: "Es-i-si! Es-i-si!"

Jamani! Yanga ikicheza na Waarabu, shabiki wa Simba yuko upande wa Waarabu na hakuna anayemshangaa. Nikamuuliza, wewe unapata nini? Akasema heshima ya konferensi. Heshima! Timu ikichaguliwa, konferensi ilikuwa inapokea dola milioni 6. Rais wa chuo akiruka juu namwelewa. Wewe tunayebeba wote maboksi ghalani, mgao wako uko wapi?

Na hiyo 63-3 dhidi ya Georgia, nao wa SEC, kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu nje ya mtoano, wachezaji zaidi ya 20 wa FSU hawakucheza, wengi walishajiondoa. Alabama wenyewe Michigan waliwatoa nusu fainali, hilo halisemi.

Msiniambie kuongeza mtoano kutoka timu 4 hadi 12 kumemaliza tatizo. Desemba 2025 Alabama kapigwa 28-7 fainali ya SEC, akabaki nafasi ya 9 kwenye orodha ya kamati na akaingia. BYU, chuo kingine, kapigwa 34-7 fainali ya konferensi yake, Big 12, akashushwa kutoka 11 hadi 12, nje. Kosa moja, hukumu mbili.

FSU wao walijibu kivyao: siku 19 baada ya kutemwa wakaiburuza ACC mahakamani. Konferensi yao wenyewe!

Watu wa SEC mlioko huku, karibuni mnitukane. Ila wa Auburn akae pembeni, yeye simjibu.