Holden Caulfield: mwenye kiburi au mfiwa?

Msomaji wa Buruburu
Ndugu wasomaji, nimemaliza kusoma *The Catcher in the Rye*, riwaya ya J. D. Salinger iliyotoka mwaka 1951. Niliisoma jioni ndani ya matatu, nikiwa nimebanana na watu ambao hatusemezani hata salamu, na huenda ndiyo sababu imenikaa moyoni. Holden, kijana wa miaka 16 aliyefukuzwa shule ya bweni, anamwona karibu kila mtu kuwa mnafiki, na bado anawasihi madereva wa teksi waende wakanywe naye. Je, huu ndio ukengeushi wanaousema wahakiki wetu, yaani hali ya mtu kujiona mgeni katika jamii yake, au ni kiburi cha ujana tu?

Mwalimu wa fasihi, Umoja
Itazame simu. Holden anaposhuka treni New York, jambo la kwanza ni kuingia kwenye kibanda cha simu. Anawapitia watu mmojammoja kichwani, kwa kila mmoja anapata kisingizio cha kutompigia, na baada ya dakika 20 hivi anatoka bila kumpigia yeyote. Jane, msichana aliyekuwa akicheza naye drafti na anayemuwaza tangu mwanzo hadi mwisho, hampati kamwe: akipokea mama yake, Holden anakata. Mwenye kiburi hana haja ya visingizio. Nadhani anataka Jane abaki yule msichana wa drafti asiyezisogeza kingi zake kutoka mstari wa nyuma, kwani kukutana naye leo ni kukubali kwamba amekua. Ukengeushi ni wa Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), riwaya ya Kezilahabi: msomi aliyekosa maana katika maisha yenyewe. Holden ni mfiwa, na tusiwatie kapu moja.

Mama Wawili, Kayole
Mwalimu, kuhusu msiba tuko pamoja. Mdogo wake Holden, Allie, alifariki kwa saratani ya damu Julai 1946, Holden akiwa na miaka 13. Usiku huo alivunja madirisha ya gereji kwa ngumi, na wenzake walipokuwa wakizika, yeye alikuwa hospitalini kwa sababu ya mkono. Kwetu angekalishwa matangani siku kadhaa, alie, asikilize nyimbo, apikiwe chai na majirani asiowapenda. Yeye alipelekwa bweni, kisha bweni jingine. Hata hivyo, mfiwa naye anaweza kuwa na kiburi. Anamwomba Sally, msichana anayetoka naye, watoroke pamoja, na Sally anapokataa, tena kwa hoja za busara kabisa, anamtukana hadi binti wa watu analia. Hapo simwonei huruma.

Msomaji wa Buruburu
Asanteni sana, walimu wangu. Nitairudia sura ya Sally, kwa maana niliipita nikimcheka yeye badala ya Holden. Linalonitatiza sasa ni ukurasa wa mwisho, anapokiri kwamba amewakumbuka kwa hamu wote aliotusimulia, hata Maurice, mwendesha lifti aliyempiga ngumi hotelini. Mwalimu, Holden huyo naye tumweke wapi?