Ripoti za uchimbaji wa kisima: Excel, hifadhidata au data ya vihisi?

Kina_Halisi: Wadau, ripoti zetu za kila siku tunaziandika kwenye Excel na kuzituma kwa barua pepe. Sasa tunatakiwa kuchagua: tubaki na Excel yenye fomu moja, tuchukue hifadhidata ya visima, au tuvute data moja kwa moja kutoka kwenye vihisi vya rigi, yaani mtambo wa kuchimbia. Mngechagua ipi?

Zamu_ya_Usiku: Hifadhidata. Excel hupokea chochote. Msimamizi huyu anaandika uzito wa tope (kimiminika cha kuchimbia) kwa ppg, yaani pauni kwa galoni, yule kwa kilo kwa mita ya ujazo. Huyu anahesabu kina kuanzia meza ya rigi, yule kuanzia usawa wa bahari. Ukija kulinganisha visima viwili baadaye, umekwama. Hifadhidata nzuri haifungi ripoti ya siku mpaka saa zilizoandikwa zitimie 24, na kila kazi ina msimbo wake.

Fundi_Tope: Kwenye misimbo ndiko kwenye kazi, mkuu. Orodha ikiwa ndefu, mtu aliyechoka mwisho wa zamu anachagua "mengineyo" na kulala. Muda uliopotea unazama humo.

Vihisi: Ndiyo maana natetea data ya vihisi. Kwa uzito kwenye ndoano, nafasi ya bloku (kapi linalopandisha na kushusha bomba) na shinikizo la pampu, programu inatambua yenyewe kama rigi inachimba, inaunganisha bomba au imesimama. Dakika chache zinazopotea kila muunganisho, ambazo ripoti ya mkono haizioni kabisa, zinajitokeza. Mdai data kwa WITSML, kiwango cha pamoja cha kubadilishana data za visima vya mafuta na gesi, ili mkibadilisha kampuni ya huduma msianze upya. Ila msiimwage kwenye Excel: kipimo kimoja kila sekunde ni mistari 86,400 kwa siku, na karatasi moja huishia mistari 1,048,576. Siku ya 13 imejaa.

Zamu_ya_Usiku: Sawa, lakini kihisi hakisemi sababu. Rigi imesimama saa tatu: saruji inasubiriwa igande, pampu imekufa, au vifaa havijafika? Hilo analijua msimamizi.

Kina_Halisi: Basi hifadhidata kwanza, misimbo michache, na mkataba ujao wa rigi uwe na kifungu cha WITSML. Visima vya zamani tuviingize vyote?

Fundi_Tope: Anzeni na vilivyo jirani na mnakochimba. Kina ambacho hamjui kilipimwa kuanzia wapi, kiwekeeni alama, msikikisie.