Mbwa wetu amekufa baada ya kuugua sana, mdogo wangu yuko kwenye mtihani wa fomu foo na hajui. Nimwambieje?

Binti wa Gungu:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na kama huna mapenzi na wanyama naomba upite tu, leo sina nguvu za kubishana.

Tunaishi Gungu hapa Kigoma. Tulikuwa na mbwa anaitwa Bobi. Marehemu baba alimleta kutoka Kasulu akiwa bado mdogo kabisa, wakati huo mdogo wangu yuko darasa la kwanza, kwa hiyo wamekua pamoja. Dogo akitumwa dukani Bobi yuko nyuma, akienda kuchota maji Bobi yuko nyuma. Siku ya msiba wa baba, nyumba imejaa watu, tulimtafuta dogo mpaka tukamkuta bandani amemkumbatia mbwa, wote wamelala.

Mwaka jana Bobi alianza kukonda na kutoka damu puani. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni ugonjwa wa kupe, akampa doksisaiklini. Akapona, akarudisha mwili, tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi ukarudi, na safari hii dawa haikumshika. Fizi zikawa nyeupe kama karatasi, kusimama shida. Mama ndiye aliyemuuguza. Alikuwa anamchemshia migebuka, anachambua miba, anamlisha kwa mkono. Usiku mmoja damu ya pua ikakataa kukata. Asubuhi daktari akatuambia hapa hakuna tena tiba, akashauri achomwe sindano apumzike. Mama alimshika kichwa mpaka mwisho. Jirani yetu, mzee mmoja mwenyeji wa Ujiji, alikuja na jembe lake bila kuitwa, akachimba kaburi nyuma ya mwembe.

Sasa dogo yuko bweni Tabora na mtihani wa taifa unaendelea. Jumapili anapiga kwa simu ya mwalimu wa malezi, na akishasema shikamoo tu anauliza Bobi anaendeleaje. Jumapili iliyopita mama alimjibu "yupo", akanipa simu, akatoka nje. Tumwambie sasa au tusubiri amalize? Na habari ya sindano tumwambie, au tuseme alikufa mwenyewe? Tunaye na jike, Chausiku, naye tangu siku ile hataki kula. Mama mwenyewe analia usiku, mchana anajikaza kwa sababu anaona aibu, watu watasema analilia mbwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Buhigwe:
Pole sana dada, na mpe pole mama. Mimi ni mwalimu, nimesimamia mitihani hii miaka mingi. Subirini karatasi ya mwisho. Mtoto akipata habari kama hiyo jioni, kesho anakaa mbele ya karatasi ya Kemia haoni maandishi, na mtihani ule haurudiwi mwezi ujao. Ila kitu kimoja fanya kesho: mpigie mwalimu wa malezi umweleze. Siyo ili amwambie, hapana. Ni ili dogo akianza kuhisi, awepo mtu mzima pale anayejua.

Mha wa Kasulu:
Pole dada. Nitasema ninachoamini, usinielewe vibaya. Mbwa ni mbwa. Kwetu akifa anafukiwa porini, jioni watu wanakula ugali wao. Dogo ni kijana wa kiume, mwambieni kwenye simu apige moyo konde asome. Mnalifanya jambo kubwa mno.

Nahodha Kibirizi:
Mkuu wa Kasulu, mimi napeleka wageni Gombe, kule kwenye hifadhi ya sokwe, kwa boti, na hili nimelisikia kwa wazee waliofanya kazi kule tangu enzi za Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe. Kulikuwa na sokwe jike mzee anaitwa Flo, akafa mwaka 1972 karibu na kijito. Alikuwa na mwanawe, Flint, wa miaka kama minane, kwa umri wa sokwe alishaweza kujitegemea. Huyo Flint aliacha kula, akawa anakaa peke yake, akaumwa, na baada ya wiki chache naye akafa, si mbali na pale mama yake alipofia. Hiyo imeandikwa kwenye kumbukumbu za watafiti. Kama sokwe wa Gombe anaomboleza namna hiyo, wewe unamshangaaje mtoto aliyelala na mbwa siku ya msiba wa baba yake? Dada, liachieni liwe kubwa. Ni kubwa kweli.

Bint Ujiji:
Da' mkubwa, mwambie mama asione haya. Sisi huku wengi ni Waislamu, mbwa hatumwingizi ndani, mate yake tunayaosha. Lakini tumefundishwa madrasa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa anaramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Imo katika Bukhari na Muslim, vitabu vya hadithi za Mtume. Huyo mzee aliyekuja na jembe nadhani anaijua vizuri. Mama yenu amemlisha mgonjwa kwa mkono wake. Alie mchana, alie mbele za watu.

Nilifichwa Mimi:
Naomba nipingane kidogo na mwalimu. Mimi nilifichwa kifo cha bibi yangu nikiwa kwenye mtihani. Nilishuka stendi nimefurahi, nikaona ndugu wananikwepa macho, na aliyeniambia alikuwa bodaboda, akidhani nimekuja kwenye arobaini. Bibi nilimlilia nikamaliza. Lakini kule kujua kwamba kila mtu, mpaka watoto wa jirani, walikuwa wanajua isipokuwa mimi, hakujaniisha hadi leo.

Sisemi umwambie katikati ya mtihani. Nasema asiambiwe kwenye simu, na asifike getini akiita jina la mbwa. Kama una nauli, mfuate Tabora. Akitoka chumba cha mtihani wa mwisho akukute wewe, umwambie pale pale. Halafu mrudi pamoja kwa treni. Mpaka mpite Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, atakuwa amelia na ameuliza maswali yote, na atafika nyumbani akijua anaingia kwenye nyumba gani.

Na Jumapili hii mama asiseme tena "yupo". Aseme, "Bobi hali yake si nzuri tangu ulipoondoka, unajua alivyokuwa. Maliza mtihani, dada yako anakuja, mtaongea." Hapo hajadanganywa.

Daktari Mifugo Magharibi:
Poleni sana familia. Nimesoma uzi wote, nina mambo ya kusema na mengine ni ya haraka.

La haraka ni Chausiku. Usichukulie moja kwa moja kwamba ni huzuni. Inawezekana kabisa ni huzuni, mbwa waliolala banda moja hutafutana. Lakini amelala banda moja na mgonjwa wa kupe. Kesho asubuhi mfungue mdomo uangalie fizi, zinatakiwa ziwe za waridi. Joto la mbwa mzima linacheza kati ya 38 na 39 na pointi kidogo. Mpeleke apimwe damu hata kama ameanza kula.

Kuhusu Bobi: vidudu vyenyewe ni bakteria, Ehrlichia canis, wanaletwa na kupe wa kahawia, wanaingia kwenye seli nyeupe za damu. Dozi ya doksisaiklini kwa kawaida ni siku 28, na ikianza mapema mbwa wengi wanapona. Shida ni kwamba kwa wengine bakteria wanabaki wamejificha miezi, hata miaka, mbwa anaonekana mzima. Ugonjwa ukiamka kwa hatua ya mwisho unakuwa umeshika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Ndiyo maana fizi zinakuwa nyeupe, na ndiyo maana damu ya pua haikati, zile chembe za kugandisha damu zimekwisha. Hapo dawa inakuwa haina cha kuokoa. Mama hakukosea chakula, wala ninyi hamkukosea dawa.

Sindano mwambieni. Ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mnyama analala kwanza, kisha moyo unasimama. Mweleze dogo hivyo hivyo, na umweleze usiku wa damu ulivyokuwa. Mkimficha, siku moja atasikia kwa mtu mwingine "mbwa wenu alichomwa sindano", na atawaza mabaya kuliko yaliyotokea.

La mwisho, najua watu watawaletea kitoto cha mbwa kwa upendo. Msikichukue sasa. Kupe wa kahawia akishiba anashuka, anajificha kwenye nyufa za ukuta, na jike anataga mayai maelfu humo humo. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula akisubiri mbwa apite. Pulizieni banda dawa ya kupe mpaka nyufani, mrudie kama maelekezo yanavyosema, zibeni nyufa kwa udongo au saruji.

Binti wa Gungu:
Daktari, nimemwangalia Chausiku sasa hivi kwa tochi ya simu. Fizi hazijawa nyeupe ila zimefifia. Kesho naenda naye.

Wengine wote asanteni. Mama nimemsomea majibu yenu, lile la kisimani aliniomba nirudie. Nitamfuata dogo Tabora.

Binti wa Gungu:
Wakuu, narudisha mrejesho. Nilimsubiri nje ya geti la shule. Aliponiona tu akasema, "Bobi amekufa, eh?" Kumbe alishahisi tangu ile simu ya kwanza, akaamua asiulize mpaka amalize. Alilia sana stesheni, watu wakatupisha benchi. Habari ya sindano nilimwambia tukiwa ndani ya treni. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza nani alikuwa amemshika. Nikamwambia mama. Akasema sawa.

Chausiku amekutwa na ugonjwa, ila daktari wetu amesema umewahiwa. Dogo ndiye anampa dawa sasa, amejiandikia ratiba ukutani. Anauliza kama kidonge anaweza kukichanganya na maziwa, maana Chausiku anayapenda.

Daktari Mifugo Magharibi:
Mpe hongera sana. Maziwa hapana, yanazuia doksisaiklini isiingie mwilini vizuri. Kidonge kikute tumboni kuna chakula, na maji anywe baada yake kisije kikakwama kooni. Ugali na dagaa vinatosha.

Binti wa Gungu:
Sawa daktari. Anasema amekuelewa, na anataka kujua kama kupe anayemtoa kwa Chausiku amchome moto au amtumbukize kwenye spiriti.

Daktari Mifugo Magharibi:
Spiriti. Na asimpasue kwa vidole.