Jefferson na Burr walikuwa chama kimoja: ilikuwaje wakalingana kura mwaka 1800?

Mwanafunzi wa Katiba

Wakuu, naomba kueleweshwa kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 1800. Matokeo: Thomas Jefferson kura 73, Aaron Burr 73, John Adams 65, Charles Cotesworth Pinckney 64, John Jay 1. Kila mahali nasoma kwamba Burr alikuwa mgombea mwenza wa Jefferson. Sasa mwenza anapataje kura sawa na mkuu wake? Na la pili: Alexander Hamilton na Jefferson walikuwa hawaivi tangu wakiwa wote mawaziri wa George Washington, halafu Hamilton huyo huyo anatajwa kuwa ndiye aliyempa Jefferson urais. Hapo sielewi kabisa.

Karani wa Kura

Mkuu, jumlisha hizo namba zako: unapata 276. Wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo yao, walikuwa 138, kila mmoja na kura mbili. Jibu lote limo humo.

Katiba ya 1787 haikumpa mjumbe nafasi ya kusema huyu awe rais na huyu makamu. Aliandika majina mawili tu, na angalau moja lisiwe la mkazi wa jimbo lake. Mwenye kura nyingi kuliko wote anakuwa rais, mradi zimevuka nusu ya wajumbe (mwaka ule, kuanzia 70), na anayemfuata anakuwa makamu. Utaratibu huo ulitungwa kabla ya vyama. Vyama vilipokuja ukageuka mtego: chama kikiwa na wajumbe 73 na wote wakawa watiifu, wagombea wake wawili hawana budi kulingana.

Dawa ilijulikana. Mjumbe mmoja anatakiwa aipeleke kura yake ya pili kwa mtu wa kando. Wafederali, chama cha Adams na Hamilton, walifanya hivyo, ndiyo hiyo kura moja ya Jay kutoka Rhode Island, na ndiyo sababu Adams ana 65 na Pinckney 64. Upande wa Jefferson (waliitwa Republican, lakini si chama cha leo chenye jina hilo) hakuna aliyehakikisha nani ataitupa hiyo kura. Wajumbe hawakukutana pamoja. Walipiga kura siku moja, Desemba 3, kila kundi katika jimbo lake, na habari zilikwenda kwa kasi ya farasi. Ukishagundua kosa, muda wa kulirekebisha umepita.

Nyaraka za Kale

Karani kaeleza vizuri, ila asidhani mtu kwamba ulikuwa uzembe mtupu. Rudini nyuma hadi 1796. Mwaka ule Wafederali wengi wa New England (majimbo ya kaskazini-mashariki, kwao Adams) walimnyima kura Thomas Pinckney (ndugu wa huyu wa 1800) wakihofia asije akampita Adams. Wakakata mno: Adams 71, Pinckney 59, na Jefferson, mpinzani wao, akapenya katikati kwa kura 68 akawa makamu wa Adams. Upande wa pili nao Burr alitoswa. Virginia, jimbo la Jefferson, ilikuwa na wajumbe 21. Jefferson alipata 20, Burr akaambulia mmoja.

Burr hakulisahau hilo. Mwaka 1800 alitaka kuhakikishiwa kwamba Virginia haitamfanyia tena hivyo, na alikuwa na uzito wa kudai. Yeye ndiye aliyepanga orodha ya wagombea wa bunge la jimbo katika Jiji la New York, akiwamo gavana wa zamani George Clinton na Jenerali Horatio Gates, na bunge hilo ndilo lililochagua wajumbe 12 wa New York. Wajumbe hao 12 mwaka 1796 walikuwa wa Adams. Wahamishe urudi kwenye hesabu: Adams 77, Jefferson 61. Hamilton alilijua hilo kiasi kwamba Mei 1800 alimwandikia gavana John Jay, akimtaka aitishe bunge lililokuwa likimaliza muda wake libadili utaratibu kabla jipya halijaingia. Jay, Mfederali mwenzake, hakukubali. Huwa napenda watu wasiipite hapo haraka. Ni mtu aliyekataa kukisaidia chama chake kwa hila.

Karani wa Kura

Sasa Baraza la Wawakilishi. Kura zikilingana, wabunge huamua kwa majimbo, jimbo moja kura moja. Virginia yenye wabunge 19 ilikuwa sawa na Delaware yenye mmoja. Majimbo yalikuwa 16, yakihitajika 9. Na lililoketi ni Baraza la zamani, ambamo Wafederali walioshindwa uchaguzi bado walikuwa wengi.

Februari 11, 1801: Jefferson majimbo 8, Burr 6, na mawili, Vermont na Maryland, yamegawanyika nusu kwa nusu hivyo hayahesabiki. Maryland ilibaki 4 kwa 4 kwa sababu Joseph Nicholson, akiwa na homa kali, alibebwa hadi ukumbini kwenye theluji ili apige kura. Angebaki nyumbani, Burr angefika 7. Hesabu hiyo ya majimbo haikubadilika kwa duru 35.

Kuhusu Hamilton, aliandika barua nyingi akiwaonya wenzake wasimchague Burr. Hoja yake ilikuwa kama zimwi likujualo halikuli likakwisha: Jefferson ana misimamo mibaya lakini inajulikana, na hatavunja taratibu zilizopo kwa pupa; Burr hana msimamo, ana madeni, atafanya lolote. Lakini tazama matokeo: karibu wabunge wote wa chama chake walimpuuza, duru 35 mfululizo. Kusema Hamilton alimpa Jefferson urais ni kumzidishia. Heshima yake kwenye chama ilikuwa imeshuka tangu Oktoba, alipochapisha kijitabu cha kumshambulia Adams, rais wao wenyewe.

Aliyefungua njia ni Mfederali James Bayard, yule mbunge pekee wa Delaware. Baadaye alieleza kwamba Samuel Smith wa Maryland, mtu wa upande wa Jefferson, alimhakikishia kuwa Jefferson atalinda deni la taifa na jeshi la majini, na hatawafukuza maofisa wadogo, akiwamo Allen McLane wa forodha ya Wilmington. Jefferson alikana kuwepo kwa makubaliano. McLane alibaki kazini.

Duru ya 36, Februari 17: Lewis Morris wa Vermont hakuwepo, Matthew Lyon akaipeleka Vermont kwa Jefferson, Wafederali wanne wa Maryland wakatia karatasi tupu, Delaware na South Carolina nazo tupu. Jefferson 10, Burr 4. Hakuna hata mmoja kati ya Wafederali hao aliyeandika jina la Jefferson.

Mwanafunzi wa Katiba

Nimeelewa, asanteni sana. Kwa hiyo Burr alimpiga Hamilton risasi kwa ajili ya hizo barua?

Nyaraka za Kale

Chuki ilikua humo, lakini chanzo cha pambano lao la bastola ni cha 1804. Februari mwaka huo Republican walimweka Clinton badala ya Burr kuwa mgombea wao wa umakamu. Burr akagombea ugavana wa New York akashindwa na Morgan Lewis. Wakati wa kampeni gazeti moja la Albany lilichapisha barua ya Charles Cooper, iliyodai Hamilton ametamka maoni ya kumdharau Burr, na kwamba yapo mabaya zaidi ambayo hakuyataja. Hayo yasiyotajwa ndiyo Burr aliyotaka Hamilton ayakane. Hamilton akajibu kwa kuzungukazunguka, na Julai 11 wakakutana Weehawken, New Jersey. Hamilton alifariki kesho yake.

Ukipanga tarehe utaona jambo: Marekebisho ya 12 ya Katiba, yanayotenganisha kura ya rais na ya makamu, yalifikisha idadi ya majimbo iliyohitajika kuyaidhinisha Juni 15, 1804. Barua ya kwanza ya Burr kwa Hamilton ni ya Juni 18.