Skrubu imelika kichwa kwenye kikopo cha mafuta ya breki, naitoaje?

Wakuu habari za leo, naombeni ushauri. Nilitaka kubadilisha mafuta ya breki ya mbele ya pikipiki yangu maana yamekuwa meusi kama chai ya rangi, sasa kile kikopo pale kwenye usukani mfuniko wake una skrubu mbili ndogo za nyota, moja ikatoka fresh, ya pili bisibisi ikateleza nami nikazidi kulazimisha (ujinga wangu) hadi nyota yote imelika, limebaki shimo la duara linang'aa tu. Nimeweka kipande cha tyubu katikati nikakandamiza, wapi. Nimepuliza WD-40 nikaacha usiku kucha, wapi. Koleo haishiki, kichwa kimezama ndani ya mfuniko.

Fundi wa hapa mtaani anasema tutoboe na drili, mie naogopa chenga za chuma zisiingie kwenye mafuta, halafu kikopo chenyewe aluminiamu, uzi ukiliwa ndo basi tena. Kuna aliyewahi kuigonga na patasi ndogo upande upande ikazunguka? Au nitafute ile bisibisi ya kugonga na nyundo? Nashuka mlima kila siku jamani.